Wanachuo wa Kwanza kutoka Meru na Embu

Mwanafunzi wa leo akaaye Meru, Chuka au Embu haoni ajabu kupita mbele ya lango la chuo kikuu akienda sokoni. Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Hivyo ndivyo miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, ambayo zamani haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, ilivyopata vyuo vinne katika muda wa miaka kumi.

Babu zetu hawakuyajua mambo hayo. Kabla ya mwaka 1956, ulipofunguliwa Chuo cha Kifalme cha Ufundi mjini Nairobi, kijana wa Kenya aliyetamani elimu ya juu ilimlazimu kuvuka mpaka wa nchi. Wachache walikwenda Uingereza, wengine India au Afrika Kusini. Lakini njia iliyokuwa kuu ilielekea magharibi, hata kilima cha Makerere, karibu na Kampala, katika nchi ya Uganda. Insha hii yaeleza jinsi vijana wa Meru na Embu walivyofika huko, na maisha waliyoishi. Jambo lenyewe ni la historia, lakini ndani yake mna swali ambalo halijazeeka: mtu mmoja asomapo kwa jasho la wengi, elimu yake ni mali ya nani?

Ngazi yenye vipandio vichache

Elimu ya darasani ilifika katika wilaya hizi kwa mikono ya wamisionari. Waanglikana walijenga Kabare na Kigari kuanzia mwaka 1910. Wamethodisti wakakaa Kaaga, karibu na mji wa Meru. Wakatoliki wa shirika la Consolata wakajenga vituo vyao. Na mwaka 1922 Kanisa la Scotland likafungua kazi yake Chogoria, likiongozwa na daktari Archibald Irvine. Shule nyingi za mwanzo zilikuwa vibanda vya udongo na nyasi, ambamo mtoto alijifunza kusoma, kuandika, kuhesabu na kusali.

Kutoka hapo ngazi ilikuwa nyembamba sana. Shule za sekondari za Waafrika katika Kenya nzima zilihesabika kwa vidole. Iliyojulikana kuliko zote ni Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, na ambayo tangu mwaka 1940 hadi 1962 iliongozwa na Carey Francis, mtu mkali wa nidhamu na hodari wa hesabu. Hata baada ya vita vikuu vya pili, mpango wa serikali uligawa masomo katika vipande vitatu vya miaka minne minne, na mwisho wa kila kipande uliwekwa mtihani kama chujio. Wengi waliachwa kwenye chujio la kwanza, na karibu wote waliosalia wakaachwa kwenye la pili. Aliyefika Makerere alikuwa ameacha nyuma yake mamia ya wenzake wa rika moja, ambao si kwamba hawakuwa na akili, bali nafasi hazikuwapo.

Tena palikuwa na suala la fedha. Mabaraza ya wenyeji, yaliyoanza kazi mwaka 1925, yalitoza ushuru wao katika wilaya, na sehemu ya fedha hizo ilitumika kwa elimu. Katika miaka ya 1930 serikali iliwaruhusu wakulima wachache Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa, zao ambalo mpaka wakati huo lilikuwa limehodhiwa na walowezi wa Kizungu. Kahawa hiyo ndiyo baadaye iliyolipa karo za watoto wengi. Palipokuwa hapana kahawa, mbuzi aliuzwa, au ng'ombe. Na palipokuwa hapana mifugo, ukoo ulichanga. Kwa hiyo kijana alipofunga sanduku lake la bati, ndani yake hamkuwamo nguo zake tu, bali na matumaini ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma hata jina lake.

Safari

Reli haikufika Meru wala Embu. Kijana wa Meru alipanda lori, akapitia Timau hadi Nanyuki, ambako gari la moshi lilikuwa limefika tangu mwaka 1930. Kijana wa Embu aliteremka kuelekea Sagana, au akaenda kwa barabara ya Thika mpaka Nairobi. Kutoka Nairobi gari lilishuka katika Bonde la Ufa, likapita Nakuru, likapanda tena mpaka Timboroa, mahali palipo juu ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, ambako usiku baridi huuma hata kwa mtu aliyezaliwa chini ya theluji ya Mlima Kenya. Kisha likapita Eldoret, likavuka mpaka kwa Tororo, na mwishowe likavuka daraja la Jinja, pale mto Nile uanzapo safari yake ya kwenda Misri. Daraja hilo na njia ya kufika Kampala vilikamilika mwaka 1931.

Safari hiyo ilikuwa somo la kwanza, kabla ya mwalimu yeyote kufungua kinywa. Katika mabehewa walikutana Mluo, Mluhya, Mkamba, Mmeru, na pengine kijana wa pwani au wa Tanganyika, kila mmoja akiwa na barua ile ile mfukoni. Mtu aliyekuwa amejijua kama Mwimbi au Mbeere alianza, kwa mara ya kwanza, kuulizwa habari za Kenya nzima, na kuzijibu.

Chuo juu ya kilima

Makerere hapakuanza kuwa chuo kikuu. Mwaka 1922 palikuwa shule ya ufundi yenye vijana 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kidogo kidogo yakaongezwa masomo ya utabibu, kilimo, tiba ya mifugo na ualimu. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na De La Warr ilishauri kwamba mahali hapo pafanywe chuo cha elimu ya juu kwa Afrika Mashariki yote. Jengo kuu lenye mnara likafunguliwa mwaka 1941. Na mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha London. Tangu hapo shahada aliyoipata kijana wa Chuka ilikuwa shahada ya London, na karatasi zake za mtihani zilipimwa kwa kipimo cha huko.

Siku ya mwanachuo ilienda kwa utaratibu. Asubuhi alikwenda kwenye mihadhara. Mchana alirudi maktabani au maabarani, na wale wa utabibu wakateremka kwenda hospitali ya Mulago, iliyo kilima cha jirani, kuwaona wagonjwa. Jioni palikuwa na michezo, na baada ya michezo, mijadala. Kila mwanafunzi alikuwa wa bweni fulani, lenye mlezi wake, na mabweni yakashindana katika kandanda na riadha kama zishindanavyo nchi.

Joho lao lilikuwa jekundu. Walilivaa katika chakula rasmi cha jioni, walimu wakiwa wameketi kwenye meza ya juu na wanafunzi chini yao, desturi iliyoletwa nzima nzima kutoka vyuo vya kale vya Uingereza. Wako waliolipenda joho hilo, kwa kuwa lilimwambia kila mtu aliyetazama kwamba Mwafrika ameketi mahali alipokuwa amekatazwa. Wako waliolicheka, wakiuliza maana ya kuvaa vazi la nchi ya baridi karibu na mstari wa ikweta. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na kwa kuwa zote mbili zilikuwapo katika bweni moja, mabishano hayakukosekana.

Lugha nayo ilikuwa jambo. Darasani palitumika Kiingereza. Nje ya lango, katika maduka ya Wandegeya, watu walisema Kiganda. Kiswahili, ambacho kijana wa Embu alikitegemea kila alipotoka kwao, hakikupendwa sana na Waganda wa wakati ule, waliokiona kuwa ni lugha ya askari na ya wageni. Basi Wakenya na Watanganyika wakakitumia baina yao, nacho kikawa kama moto wa jikoni ambao wasafiri huuzunguka usiku.

Ugomvi wa chakula

Msomaji asidhani kwamba mambo makubwa ya historia hutokea katika mabunge na medani za vita tu. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula, wakakataa kuingia katika ukumbi wa kulia. Mtu aweza kucheka: je, watu wazima wenye majoho kugombania sahani? Lakini chakula kilikuwa mahali ambapo mwanafunzi alionja, mara tatu kwa siku, jinsi alivyothaminiwa na waliomtawala. Aliyezoea mahindi na maharagwe ya nyumbani aliweza kuzoea matoke. Alichoshindwa kukizoea ni kutosikilizwa. Chuo kilijibu kwa kuwafukuza wanafunzi kadhaa, mmoja wao akiwa Abu Mayanja wa Uganda, ambaye baadaye alisoma Cambridge na kuwa waziri katika serikali ya nchi yake. Mkuu wa Chuo wakati huo, Bernard de Bunsen, aliendelea kuongoza hadi mwaka 1964, naye alishuhudia chuo kikigeuka mbele ya macho yake.

Wasichana

Wito wa kwanza wa Makerere uliwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Mwaka 1945 walipoingia wanawake sita wa kwanza, wito huo haukufaa tena, ukabadilishwa kuwa wa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Hivyo wanawake sita walitosha kubadili maneno ya chuo kizima.

Kwa msichana wa Meru au Embu ngazi ilikuwa nyembamba kuliko kwa kaka yake. Shule ya sekondari ya wasichana Waafrika huko Kikuyu haikufunguliwa hata mwaka 1948, na wazazi wengi walihesabu kwamba karo ya msichana ni maji yamwagwayo katika shamba la watu wengine. Hata hivyo wako waliopenya. Mīcere Gīthae Mūgo alizaliwa mwaka 1942 huko Baricho, Kirinyaga, sehemu ambayo mpaka mwaka 1963 ilikuwa katika Wilaya ya Embu. Alisoma Makerere, akapata shahada yake mwaka 1966, na mwaka 1980 akawa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwa cheo hicho. Alifariki dunia mwaka 2023, akiwa ameandika tamthilia, mashairi na insha zisomwazo katika nchi nyingi.

Joho na kitabu cha ruhusa

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari katika Kenya. Serikali iliyafunga makabila matatu katika fungu moja: Kikuyu, Embu na Meru. Watu wa makabila hayo walitakiwa kuchukua vitabu vya ruhusa. Hawakuweza kusafiri walivyotaka. Na kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja waliondolewa katika maboma yao, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki na miti iliyochongwa.

Hebu tufikirie maana ya jambo hilo kwa mwanachuo. Huko Makerere alikuwa bwana mwenye chumba, mwenye taa ya kusomea, aliyeitwa kwa heshima na walimu wake. Likizo ilipofika na gari la moshi likavuka mpaka wa Kenya, alirudi kuwa mtu wa fungu linaloshukiwa, kwa maana sheria iliuliza kabila, haikuuliza elimu. Mama yake pengine alikuwa akichimba handaki kwa kazi ya lazima. Wenzake wa rika moja, wale walioachwa na chujio la mitihani, wengine walikuwa askari wa ulinzi wa vijiji, wengine wamefungwa kambini, na wengine wamo msituni. Musa Mwariama wa Meru alikaa msituni mpaka uhuru ulipofika mwaka 1963, asikamatwe.

Hapa ndipo swali letu la kwanza linapouma. Je, ilikuwa haki mtu kukaa maktabani akisoma historia ya wafalme wa Uingereza, hali watu waliouza mbuzi ili yeye asome walikuwa wamezungukwa na miti ya ncha? Wako waliosema wakati ule, na wako wasemao hata sasa, kwamba msomi aliwakimbia watu wake. Wengine hujibu kwamba kuacha masomo kungekuwa kutupa mali ya wengi, na kwamba nchi itakayopata uhuru bila ya madaktari na walimu itaazima watu wa kuitawala upya. Mimi nafundisha vijana watakaokuwa walimu, na kila mwaka swali hili huwagawa darasani. Siwalaumu. Kulijibu upesi ni dalili ya kutolipima.

Tunachoweza kukipima ni matendo. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Sheria ya uchaguzi ilimpa mpiga kura mmoja hadi kura tatu, kwa kutazama elimu yake, mali yake, kipato chake na utumishi wake. Tena, miongoni mwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, ilitakiwa kwanza hati ya uaminifu kwa serikali. Hivyo elimu ikawa si taa tu, bali pia mzani wa kumfanya mtu mmoja kuwa na uzito wa watatu. Aliyeshinda katika Jimbo la Kati alikuwa Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru. Mate na wenzake, kina Tom Mboya, Oginga Odinga na Ronald Ngala, hawakuridhika na mzani huo uliowachagua. Walidai viti zaidi vya Waafrika, na haki ya kura kwa wote. Mwaka uliofuata Jeremiah Nyagah wa Embu, aliyezaliwa mwaka 1920, akapita Alliance na Makerere na kufanya kazi ya ualimu, aliingia naye katika baraza hilo. Alidumu katika siasa za nchi mpaka mwaka 1992.

Thamani ya karatasi

Yafaa tukumbuke pia kwamba karatasi ya chuo haikufungua milango yote. Kwa miaka mingi, katika utumishi wa serikali za Afrika Mashariki, Mwafrika aliyeshika kazi ya cheo kile kile cha Mzungu alilipwa sehemu tatu tu kati ya tano za mshahara. Kanuni hiyo haikuondolewa mpaka baada ya tume ya Lidbury kutoa ripoti yake mwaka 1954. Hesabu ni rahisi: penye shilingi mia tano za Mzungu, mia tatu za Mwafrika, ingawa mtihani ulikuwa mmoja na mgonjwa aliyetibiwa alikuwa mmoja. Kutoka katika mshahara huo uliopunguzwa, mwenye shahada alisomesha wadogo zake, akajenga nyumba ya wazazi, akalipa karo za watoto wa wajomba. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa, nao wengi walilipa maisha yao yote.

Wakati huo huo milango mingine ilianza kufunguka. Mwaka 1959 Tom Mboya alipanga ndege iliyochukua wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani, na mamia wakafuata baadaye. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mkuu wake wa heshima akiwa Julius Nyerere. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanywa, na kila nchi ikapata chuo kikuu chake. Kijana wa Meru hakuhitaji tena kuvuka Nile ili asome. Alipata urahisi, lakini alipoteza kitu: yale mabehewa ambamo Mmeru, Mganda na Mnyamwezi walibishana usiku kucha, na ambamo wengi walikuwa wameanza kuiona Afrika Mashariki kuwa nchi moja.

Nchiru

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kimejengwa Nchiru, mahali ambapo Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, lina nyumba yake ya kukutania. Desturi ya wazee hao ni kwamba mtu haingii katika baraza kwa ajili yake mwenyewe. Huingia ili asikilize mashauri ya watu na kuyaamua kwa haki, na neno lake si lake peke yake. Desturi hiyo ni ya kale kuliko joho jekundu na kuliko shahada ya London.

Wanachuo wa kwanza wa Meru na Embu hawakuwa malaika. Wako waliorudi na majivuno, wakasahau hata lugha ya mama zao. Wako waliotumia elimu kujipatia ardhi na vyeo. Lakini wako wengi zaidi, ambao majina yao hayamo vitabuni, waliorudi Kigari, Kaaga, Chogoria na Kangaru, wakashika chaki au sindano ya daktari, na kazi yao ndiyo iliyowazaa walimu waliowafundisha walimu wenu. Ukihesabu vizazi hivyo, msomaji, utaona kwamba mbuzi aliyeuzwa Mwimbi au Mbeere miaka themanini iliyopita bado anakulipia karo wewe. Deni hilo halidaiwi mahakamani, wala hapana karani atakayekuletea hati yake. Utalijua tu siku mtu asiyejua kusoma atakapokuja kwako na barua mkononi, akakuomba umsomee.